Swali la saumu tuliulize Rajabu, siyo Ramadhani ikishaingia

Wenzangu mnaosomea medisini, hasa nyinyi mnaoletwa Lamu au Malindi miezi michache halafu mnarudi zenu Nairobi, nina ombi. Kliniki ya sukari ikifika mwezi wa Rajabu anzeni kumuuliza kila mgonjwa swali hili moja: mwaka huu utafunga? Msisubiri awaulize yeye, hatawauliza. Msisubiri Ramadhani iingie, maana ikishaingia mgonjwa ashaamua, dawa zake ashazipanga mwenyewe kwa akili yake, na nyinyi mtakutana naye alasiri pale kaswalti, chumba cha dharura, hajitambui na kanzu imelowa jasho.

Mi ni mtoto wa huku huku. Saumu nimeijulia nyumbani, sukari nimeisomea chuoni, na kwa miaka yote ile hakuna siku mwalimu aliyesimama darasani akaviweka hivo vitu viwili pamoja. Rejista yeyote, yaani daktari anayesomea ubingwa, ukimuamsha usiku wa manane atakutajia matibabu ya ketoasidosi, ile damu kuwa na asidi kwa kukosa insulini, hatua kwa hatua, atakupigia hesabu ya insulini kwa kilo, lakini muulize dozi ya daku iwe ngapi na ya futari iwe ngapi uone atakavyokutazama. Simlaumu, hakufundishwa na mtihani hauulizi. Lakini huku kwetu mwezi mzima kila mwaka hilo ndo swali lenye uhai wa mtu ndani yake.

Niwape kesi, mambo mawili matatu nimeyabadilisha mtu asijulikane. Mzee wa sabini na kitu, kaletwa na wanawe kwa boti kutoka Pate, na mnaoijua njia ile mnajua kwamba pale kwenye mfereji wa Mkanda maji yakiwa yametoka boti haipiti, unangoja mpaka yajae, kwa hivyo wameondoka kwao mapema wamefika jua linaelekea kuzama. Wanasema baba kapooza. Na kweli mkono wa kulia haunyanyuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Presha anayo, umri upo, kila aliyekuwa pale akilini mwake ni kiharusi na mmoja ashaanza kuuliza habari ya kumpeleka Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Nesi wa zamu, mama mmoja mtulivu ambaye hajui papara, akamchoma kidole kabla hatujamaliza kuongea. Sukari 1.7 mmol/L. Tukafungua mshipa, glukosi ya asilimia 50, mililita 50, polepole, na plasta haijakauka vizuri ule mkono ukanyanyuka ukaenda kutafuta kofia yake kichwani.

Sukari ya chini kujivika sura ya kiharusi ni jambo linalojulikana vizuri. Ubongo hauna akiba ya sukari ya maana, unategemea damu dakika kwa dakika. Kwa nini unazimika upande mmoja na siyo pande zote mbili, hapo wataalamu wana maelezo zaidi ya moja, lakini kwa sisi tulio kitandani na mgonjwa somo ni jepesi, anayeletwa kapooza anachomwa kidole kwanza. Hilo wengi tunalijua. Mi kilichonishika ni alichosema mzee alipozinduka. Nilimuuliza, "Mzee, kabla ya kuanguka ulikuwa unasikiaje?" Akaniambia, "Mato yaliingia kiza mwanangu, mwili unatetema, nikasema ni ndaa ya saumu tu, wacha nilale mpaka magharibi."

Someni hiyo sentensi tena. Kutetemeka, jasho, njaa, kichwa kuuma, hasira za ghafla, macho kuingia kiza, hizo ndo dalili tunazowafundisha wagonjwa kliniki, tunawaambia ukiziona tia kitu kitamu mdomoni. Sasa alasiri ya Ramadhani mji mzima una njaa, mji mzima kichwa kinauma kidogo hasa wanywaji wa kahawa, watu wamenuna, na miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, Februari na Machi, jua ni kali na jasho linamtoka kila mtu. Dalili zetu zote zinapotea ndani ya saumu ya kawaida. Mgonjwa anazisikia, lakini ashazipa maelezo mengine, na maelezo yenyewe ni ya heshima, kwamba huu ni uzito wa ibada na anapaswa kuvumilia. Anayevumilia zaidi ndo anayezama zaidi. Na ukiongeza kwamba mzee huyu alikuwa kwenye atenololi kwa ajili ya presha, dawa ambayo inazima mtetemeko na mapigo ya moyo na kuacha jasho peke yake, unaona jinsi gani alikuwa amebaki na kengele chache za kumuamsha. Ndo maana siku hizi siwaambii wagonjwa wangu wanaofunga "ukisikia dalili", nawaambia pima, saa fulani na saa fulani, usikie kitu au usisikie.

Binti yake alikuja na mfuko wa dawa. Metfomini, atenololi, na glibenklamaidi ya kushusha sukari, vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni. Nikamuuliza baba anazimezaje sasa hivi. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Kama alivyoambiwa daktari, za asubuhi anameza daku, za jioni anameza akifuturu." Na daku alikula nini? Chai ya rangi na kipande cha mkate, maana usiku wa manane hana hamu ya chakula. Basi hebu tazameni. Kadi imesema asubuhi viwili, na asubuhi ya Ramadhani kwa mtu yeyote mwenye akili timamu ni daku, kwa hivyo ile dozi kubwa imeingia tumboni saa kumi na kitu alfajiri juu ya chai na mkate, halafu nyuma yake ni saa kumi na tatu bila chakula. Mzee hakukaidi chochote. Aliambiwa asiache dawa, na hakuacha.

Baada ya isha ikashuka tena. 2.4, na tayari alikuwa ameshafuturu vizuri. Intan aliyekuwa zamu, yaani daktari mpya aliye mafunzoni, kijana makini sana, akanifuata koridoni na kuniuliza, "Daktari, glukosi tumempa, amekula, mbona inashuka tena?" Hili ni swali zuri la kliniki, na jibu lake lina sehemu tatu ambazo naona zinastahili kukaa vichwani mwetu.

Ya kwanza, mwili wa mtu asiye na dawa ukikaa bila chakula kongosho linapunguza insulini lenyewe, glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, inapanda, ini linafungua akiba yake na kuitoa taratibu, na mtu anafika magharibi salama. Glibenklamaidi haingoji sukari ipande ndo ifanye kazi. Inalikamua kongosho litoe insulini hata kama sukari iko chini, ni sawa na nahodha aliyeacha tanga lote juu na huku chombo kishaingia bandarini. Ya pili, ini likishaivunja dawa hii, mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari na yanategemea figo kutoka mwilini, na krieatinini ya mzee, kile kipimo cha damu cha figo, iliporudi ilikuwa juu, figo zimechoka kimya kimya. Kwa hivyo dozi ya daku ya leo imekutana na mabaki ya jana na juzi. Ya tatu, ile glukosi tuliyoisukuma kwa haraka nayo inalichochea kongosho ambalo tayari limeshikwa na dawa, linajibu kwa insulini zaidi, na sukari inapanda halafu inaporomoka. Ndo sababu mgonjwa wa namna hii hapewi sindano moja akaambiwa nenda nyumbani umepona. Analazwa, anawekewa dripu ya glukosi ya asilimia 10, anapimwa kila saa mwanzoni, na anaangaliwa saa 24 au zaidi. Familia ilitaka kuondoka naye usiku ule ule kwa sababu anaongea na anacheka, na kuwaeleza kwa nini abaki ilichukua muda lakini walielewa.

Sasa tumefundishwa kwamba swali la kliniki lazima liwe na umbo ili lijibike: mgonjwa ni nani, unampa nini, unalinganisha na nini, unataka kuona matokeo gani. Basi tukakaa na intan tukaliumba: kwa mgonjwa wa sukari aina ya pili aliyepita miaka 60 na anayefunga Ramadhani, kumhamisha kutoka glibenklamaidi kwenda gliklazaidi, dawa ya kundi lile lile, kunapunguza kushuka kwa sukari? Tukatafuta. Kuna utafiti wa Mashariki ya Kati uliochapishwa 2011, watu zaidi ya elfu moja waliokuwa kwenye dawa za kundi hili, nusu wakahamishiwa sitagliptini, dawa ya kundi jengine, na nusu wakabaki na dawa zao wakati wa Ramadhani. Katika waliobaki, wa glibenklamaidi karibu mmoja kati ya watano alipata dalili za sukari kushuka, wa gliklazaidi ni kama mmoja kati ya kumi na tano, sawasawa na wale wa sitagliptini. Tofauti kubwa. Lakini intan wangu, na hapa nilimpenda, akasema ngoja, waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya sitagliptini na dawa ya zamani, hawakugawanywa kati ya glibenklamaidi na gliklazaidi, kwa hivyo huenda wa glibenklamaidi walikuwa watu tofauti tangu mwanzo. Ni kweli kabisa. Huo ndo usomaji ninaoutaka. Ila ukijumlisha na tunachokijua kuhusu mabaki ya dawa na figo, na ukijua kwamba orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2013 imeitaja gliklazaidi kama dawa ya kundi hilo na kuandika wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa aliyepita miaka 60, mi sina haja ya kungoja utafiti mwengine ndo nibadilishe karatasi ya mzee wa sabini.

Utafiti mkubwa ambao kila mtu anauregelea kwenye habari ya saumu na sukari unaitwa EPIDIAR, ulifanywa 2001 kwenye nchi 13 na watu zaidi ya elfu 12. Uligundua kwamba wakati wa Ramadhani sukari kushuka vibaya, yaani ile ya kulazwa hospitali, iliongezeka kama mara 4.7 kwa wa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Na jambo la pili ambalo naona ni zito zaidi, karibu watu 8 kati ya 10 wa aina ya pili walifunga angalau siku 15, na wa aina ya kwanza, ambao vitabu vyote vinasema wasifunge, zaidi ya 4 kati ya 10 walifunga. Wanafunga. Tunawaambia wasifunge na wanafunga. Sasa ukiiangalia ile orodha ya nchi, za Afrika ni Misri, Morocco, Algeria na Tunisia. Pwani yetu haimo, wala nchi yoyote ya kusini mwa Sahara haimo. Kwa hivyo tukisoma miongozo tuisome huku tukijua imejengwa kwa watu wa mazingira mengine, tuchukue inayotufaa na tuulize yetu.

Mfano mdogo tu. Kurasa nyingi kwenye miongozo ya Uingereza zinahangaika na urefu wa saumu, kwa sababu London mwezi wa Juni mtu anafunga kama saa 18. Sisi tuko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, alfajiri yetu na magharibi yetu hazisogei sana, saumu ni saa 13 na dakika kadhaa mwaka nenda mwaka rudi. Hii ni neema kubwa kwa daktari. Futari na daku zinaachana vizuri, na dawa ya mara mbili kwa siku inakaa bila kubanana. Lakini sisi tuna joto, tuna kazi za jua, na tuna bahari.

Nikisema bahari namaanisha hivi. Kuna mgonjwa wangu mvuvi, kijana bado, yuko kwenye insulini ya mchanganyiko ile ya 30/70. Swali lake halimo kwenye mwongozo wowote: akiwa nyuma ya kisiwa cha Manda huko peke yake na ngwanda, chombo chake kidogo, saa tisa alasiri, sukari ikashuka, nani atamuona? Mwongozo unasema kazi nzito ni hatari, inampa alama zake za hatari, basi. Mi na yeye tulikaa tukazungumza kazi yake ilivyo, anatoka saa ngapi, anarudi na maji gani, nani anaweza kufuatana naye. Akakubali mwezi ule asitoke peke yake, na tende na chupa ya sharbati zikae ndani ya chombo siyo mfukoni, na akipima kabla ya kutoka akakuta chini ya 5 siku ile haendi. Hiyo 5 ni yangu, nimemuwekea juu kuliko kiwango cha kawaida kwa sababu bahari haina jirani.

Kiwango cha kawaida chenyewe kila mmoja wetu akijue kwa moyo. Ikishuka chini ya 3.9 fungua, hata kama zimebaki dakika kumi adhani isikike. Ikipanda juu ya 16.6 fungua. Ukitapika, ukiharisha, ukiwa na homa, fungua. Sharti wayajue haya kabla, na wayajue pia walio nyumbani, kwa sababu mtu ambaye sukari imeshuka hana akili ya kuamua na mara nyingi ndo anakuwa mbishi kuliko siku zote.

Wengi hawapimi mchana kwa kuogopa kwamba tone la damu linafungua. Hapa madaktari na wanazuoni walioandika pamoja wameafikiana, kuchoma kidole hakubatilishi saumu, na mashehe niliowauliza mimi hapa mjini wamenijibu hivo hivo bila kusita. Insulini ya chini ya ngozi pia wanazuoni wengi wa sasa wanasema haifungui kwa sababu si chakula. Dripu ya glukosi ni lishe, hiyo ni habari nyengine, na mtu aliyefika kiwango cha dripu hana mjadala tena. Nilichojifunza ni kwamba haya yakitoka mdomoni mwa daktari yana nusu ya uzito, yakitoka kwa imamu yanabebwa nyumbani yote. Kwa hivyo usione tabu kumpigia imamu wa mgonjwa wako, anashukuru na mgonjwa anatulia.

Kuhusu dawa zenyewe, nitapita haraka kwa sababu hizi zimeandikwa vizuri kwenye mwongozo wa IDF na DAR, yaani shirikisho la kimataifa la kisukari na muungano wa kisukari na Ramadhani, wa 2021 na ukiutafuta utaupata. Metfomini ya mara mbili haibadiliki, futari na daku. Za kundi la glibenklamaidi dozi kubwa inakwenda futari na ya daku inapunguzwa, na mzee ahamishwe dawa kabla. Insulini ya mchanganyiko, dozi yake ya asubuhi ndo inakuwa ya futari, na ile ya jioni inapunguzwa robo mpaka nusu halafu ndo inakuwa ya daku. Insulini ya usiku peke yake inachomwa futari, imepunguzwa kidogo. Dapagliflozini, ile ya kutoa sukari kwa mkojo, inamezwa futari na maji mengi usiku, na usimuanzishie mtu dawa hiyo Shaabani inakata, mpe wiki kadhaa mwili uizoee. Wewe msomaji ambaye ni mgonjwa, usijipangie kwa kusoma hapa tafadhali, nenda na mfuko wako wa dawa kwa daktari wako, figo zako na za jirani yako si sawa.

Wapo ambao lazima tuwaambie wazi wasifunge. Wa aina ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia, mjamzito aliye kwenye insulini, aliyeanguka kwa sukari ya chini au ketoasidosi ndani ya miezi mitatu, ambaye kazi ya figo zake kwa kipimo cha eGFR imebaki chini ya 30 au yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, ambaye sukari ikishuka hasikii kitu. Na hapa namna ya kusema ndo kazi. Nimewasikia wenzangu wakisema "wewe saumu marufuku" na kuita mgonjwa anayefuata. Bibi anaitikia, "Haya daktari, nimesikia," anafunga buibui lake anaondoka, na usiku wa kwanza wa Ramadhani yuko jikoni anapika daku.

Mimi nauliza hivi. "Bibi, nikikwambia usifunge, utafunga?" Anakaa kimya kidogo. Halafu, "Nitafunga mwanangu. Mimi sikuacha hata nikinyonyesha, nitaacha sasa karibu na kaburi?" Na hapo mazungumzo ndo yanaanza, maana sasa ananiambia ukweli. Namkumbusha ile ruhusa iliyomo Surat Al-Baqara, mgonjwa atalipa siku nyengine na asiyeweza kabisa atoe fidia ya kulisha maskini, ruhusa ambayo yeye anaijua kwa hifdhi kunishinda. Mara nyingi tatizo lake halikuwa hukumu. Anaona haya wajukuu wamuone anakula, anaona atakuwa mzigo, futari anapika yeye na nyumba nzima inakula mkononi mwake. Ukiyajua hayo unaweza kuongea na binti yake mbele yake, kwamba mama chakula chake cha mchana kiandaliwe kwa heshima na kwa saa yake. Kuna waliokubali. Na kuna ambao hatari yao ni ya katikati, hao tunakubaliana wajaribu kufunga siku mbili tatu Shaabani huku tunapima, kama namba zinakaa vizuri tunaendelea, kama hazikai mgonjwa mwenyewe anaiona kwenye kimashine na hana haja ya kubishana na mimi.

Ndo hapo mtaelewa kwa nini nasema Rajabu. Miongozo inasema wiki sita mpaka nane kabla. Kupima figo, majibu yarudi, kubadilisha dawa, dawa mpya ikae mwilini, kufunga kwa majaribio, kuongea na familia, hayo yote hayaingii kwenye wiki moja ya mwisho ya Shaabani ambapo watu wako kwenye kuvunja jungu na sukari zote ziko juu kwa biriani na haluwa. Halafu akina mama wengi wanalipa siku zao za mwaka jana Shaabani hiyo hiyo, kwa hivyo kwao saumu imeanza mwezi mzima kabla ya wewe kuifikiria. Na baada ya Idi kuna sita, watu wanafunga siku sita za Shawwal na kliniki ishasahau, dozi ishakwenda kuwa ya kawaida, na hawaulizwi. Kwa kweli "unafunga?" ingekaa kwenye fomu ya kliniki mwaka mzima pamoja na "unavuta sigara?", kuna wanaofunga kila Jumatatu na Alhamisi miaka na miaka na hakuna daktari aliyewahi kujua.

Chakula kidogo tu. Hatari ya usiku ni kinyume cha ile ya mchana, tambi za sukari, kaimati, vitumbua, viazi vya nazi, ndizi za nazi, juisi ya embe, vyote ndani ya nusu saa, na sukari ya saa tatu usiku inatisha. Simwambii mtu asile kaimati Ramadhani. Namwambia afungue kwa tende moja au mbili na maji, aende akaswali magharibi, akirudi ale samaki na mboga kwanza na vile vitamu viwe kidogo mwishoni, juisi aiache wanywe watoto. Na daku asiiruke na aicheleweshe, ambayo nayo ni sunna, na ndani yake kuwe na maharagwe au mbaazi au samaki, kitu kitakachokaa, siyo chai na mkate kama yule mzee.

Mzee mwenyewe tulimbadilishia dawa, glibenklamaidi imetoka, atenololi tukaibadilisha na nyengine, siku zilizobaki akazitolea fidia na mwanawe mkubwa ndo aliyeshika kazi hiyo ya kulisha watu kila magharibi kwa niaba ya baba. Krieatinini tunaifuatilia.

Kwa mwaka ujao tumekubaliana na nesi wetu na imamu wa mtaa mmoja kwamba Ijumaa ya kwanza ya Rajabu litatolewa tangazo baada ya swala, wenye sukari na presha waje kliniki wiki ile na dawa zao zote kwenye mfuko, na aje nao yule anayepika nyumbani. Wenzangu mlioko Faza, Mpeketoni, Malindi, Kilifi, kama mna utaratibu wenu niandikieni, nataka sana kujua mnawauliza nini wavuvi, na mnampangiaje mtu wa insulini ambaye nyumbani hana friji.